Kura Niliyompa Mtu Mkali

Baba alipenda uchaguzi wa mlolongo. Alikuwa karani mkuu katika ofisi moja ya serikali mjini Kajiado, na mpaka leo sijakutana na mtu mwingine aliyesikitika, kwa moyo wake wote, mlolongo ulipofutwa na kura ya siri ikarudi. Katika mlolongo, wapiga kura walisimama uwanjani mchana kweupe nyuma ya mtu waliyemtaka, na ofisa akapita akiwahesabu kama watoto wa shule.

"Mtu anaonekana amesimama wapi," baba alisema. "Sasa mtu ataingia nyuma ya pazia afanye mambo yake. Mwenye nia safi anataka pazia la nini?"

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita wakati huo, na niliona swali lile ni la maana sana. Nia yangu ilikuwa safi. Sikuhitaji pazia.

Tulikuwa watu wa magharibi, tumeletwa Kajiado na kazi ya baba, tukiishi katika nyumba ya mawe ya wafanyakazi wa serikali yenye bustani ya sukumawiki iliyopangwa kwa kamba. Mama alishona sare za shule kwa cherehani. Nyuma ya mlango wa jikoni baba alikuwa amebandika karatasi aliyoipiga chapa ofisini: Kanuni za Nyumba, moja hadi kumi na moja, nyingine zikiwa na vijisehemu (a) na (b). Kanuni ya kwanza ilihusu viatu. Ya nne ilisema: Hakuna kujibu. Ya saba ilihusu taarifa ya habari ya saa saba mchana, ambapo hata kijiko hakikuruhusiwa kugonga sahani.

Nataka nieleweke. Baba hakuwa mtu mbaya. Alitumenyea machungwa, mimi na ndugu yangu, kwa kisu kidogo cha kukunja, na ganda lilitoka lote kwa mkupuo mmoja bila kukatika. Alitupiga mara chache sana, na hakutupiga akiwa na hasira. Alichotaka ni kwamba kila kitu kiwe na mahali pake na kila mtu ajue nani yuko juu yake. Picha ya rais ilitundikwa katika kila duka na kila ofisi kwa sababu ilitakiwa. Kwetu ilitundikwa sebuleni kwa sababu baba alitaka, na kila Jumamosi aliipangusa vumbi mwenyewe.

Na mimi nilizipenda kanuni zile. Hili ndilo jambo ambalo kwa miaka mingi nililiruka kila niliposimulia habari za nyumba yetu. Karatasi ilipochakaa kwa moshi, ni mimi niliyeinakili upya kwa mwandiko wangu mzuri. Ndugu yangu, mdogo wangu kwa miaka miwili, yeye aliandika chini yake kwa penseli: Rufaa ikatwe wapi? Nilimshtaki kwa baba kabla wino wangu haujakauka.

Kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, baba alimwita mama sebuleni. Alimwonyesha kwenye kipande cha gazeti alama atakayoitafuta.

"Hii hapa. Usihangaike na zingine."

"Sawa, mzee," mama alisema, akarudi kwenye cherehani yake. Kwa baba, jambo hilo lilikuwa limekwisha.

Miaka michache baadaye barua ikaja. Serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na jina la baba lilikuwa kwenye orodha. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaikunja kwa mikunjo ileile iliyokuja nayo, akairudisha ndani ya bahasha.

"Wamefikiria," alisema. "Hawawezi kufanya jambo kama hili bila kufikiria."

Nilimtazama mama. Mama alitazama mikono yake.

Tulihamia Kitengela, kwenye kiwanja kidogo ambacho baba alikuwa amenunua zamani wakati watu walikuwa wakimcheka kwa kununua shamba la pundamilia. Kweli bado tulikuwa tukiwaona, pamoja na nyumbu, wakipita upande wa pili wa barabara wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi ulishika viatu mpaka ukavivua. Baba alijenga vyumba vitatu vya mabati na kuweka geti kubwa kuliko nyumba yenyewe. Hakuwa na ofisi tena, kwa hiyo sisi tukawa ofisi yake. Kanuni zikafika kumi na tisa. Asubuhi alivaa koti lake la kazini, akaenda kumsaidia chifu kupanga viti vya baraza. Hakuna aliyemtuma, wala hakuulizia malipo.

Nilidhani barua ile ingemgeuza. Watu wengi waliopata barua kama hiyo waligeuka, wakawa wapinzani kwa usiku mmoja. Yeye aliishika serikali kwa nguvu zaidi, kama mtu anayesukumwa nje ya gari ambaye anazidi kushikilia mlango. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisikia watu wakisema kwamba wapiga kura hufuata tumbo, au kabila. Nilimfikiria baba nikaona hapana, kuna kitu kingine. Yeye alifuata sauti nzito. Alihitaji kuamini kwamba huko juu kuna mtu anayejua, hata kama mtu huyo amemfuta kazi.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee mwenye duka kando ya barabara, Mwislamu kutoka kaskazini mashariki, aliyeanza kwa biashara ya mbuzi katika soko la Bisil kabla ya kufungua duka Kitengela. Ndevu zake alizipaka hina. Ukimlinganisha na baba, huyu ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Dukani kwake hapakuwa na muziki wala sigara. Wakati wa swala alifunga hata kama umesimama mlangoni na mafuta ya taa mkononi. Binti zake hawakuonekana barabarani bila mmoja wa ndugu zao. Baba alimheshimu sana. "Yule ni mtu wa mpango," alisema. Kila jioni walisalimiana kwa mikono miwili, wakazungumza juu ya mvua na adabu ya watoto wa siku hizi.

Halafu likaja lile la ndugu yangu.

Ilikuwa mwaka wa uchaguzi mwingine, na chuo chake kilikuwa kimefungwa baada ya wanafunzi kugoma. Alirudi nyumbani na nywele ndefu na maneno marefu. Kwa siku nne alijizuia. Siku ya tano, tukila, taarifa ya saa saba ikaanza, na mtangazaji akaanza kueleza rais alikuwa ameenda kanisa gani na kuwaambia nini waumini. Ndugu yangu aliweka kijiko chini. Kijiko kikagonga sahani.

"Nyamaza," baba alisema.

"Sijasema kitu."

"Nimesema unyamaze."

"Baba, hao watu ndio walikufuta kazi." Alisema polepole, karibu kwa huruma. "Umewafanyia kazi miaka ishirini na miwili. Walikuandikia barua ya mistari mitatu. Na bado unawapangusia picha."

Redio iliendelea. Baba alingoja mpaka habari ile ikaisha, kana kwamba hata hasira ilikuwa na kanuni yake. Kisha akasema, "Toka."

"Baba..."

"Toka kwa nyumba yangu."

Ndugu yangu alimtazama mama. Mama alikuwa kwenye cherehani yake; gurudumu lilikuwa limesimama tangu taarifa ianze, lakini yeye mwenyewe hakusimama. Ndugu yangu akanitazama mimi. Kisha akachukua begi lake, ambalo hata hakuwa amelifungua lote, akatoka kwenye jua.

"Funga geti," baba aliniambia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimebakisha muhula mmoja niwe mwalimu. Niliinuka, nikaenda, nikafunga geti, nikasukuma komeo mpaka mwisho, wakati mgongo wa ndugu yangu ulikuwa bado uko karibu kiasi cha kuguswa. Sikuhisi huzuni. Ningependa kuandika kwamba nilihisi. Nilihisi utulivu, ule wa mtu aliyefanya kama alivyoambiwa. Huzuni ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu ya ule utulivu.

Kesho yake nilienda dukani kununua sukari. Mzee alinipimia bila kuniuliza kitu, kisha akasema, "Ndugu yako ako salama. Nimemtuma Bisil kwa jamaa yangu. Atakaa sokoni huko mpaka chuo ifunguliwe."

Nilishukuru. Nilikuwa na aibu, na aibu ikanifanya niwe mkali. "Lakini mzee, na wewe ni mkali kuliko baba. Mtoto wako akikujibu hivyo, wewe ungefanya aje?"

"Ningemchapa," alisema. "Halafu angekula chakula."

"Basi wewe na baba ni kitu moja. Mbona watu husema wewe ni wa upinzani?"

Alicheka kidogo. Akafunga mfuko wa sukari kwa uzi. "Mwalimu, mimi nitakuambia. Kuna mwaka serikali ilituita, sisi watu wa kwetu, kuangalia kama sisi ni raia kweli, tukasimama mbele ya meza. Mtu anakaa nyuma ya meza, kijana mdogo kuliko mtoto wangu. Ananiuliza babu yangu alizaliwa wapi. Ananiuliza chifu wa huko ni nani, mlima wa huko unaitwa nini. Kitambulisho iko mkononi mwake, lakini hataki kuiangalia, anataka kuniangalia mimi. Wallahi, nilikuwa na nyumba, niko na bibi, niko na mbuzi mia. Nikasimama hapo kama mtoto." Alinipa mfuko. "Baba yako amekaa upande wa huku wa meza maisha yake yote. Mimi nimesimama upande ule mwingine. Kwa nyumba yangu mimi ni mkali kwa sababu watoto ni wangu. Serikali mimi si mtoto wake."

Nilibeba maneno hayo nyumbani, lakini sikuyatumia upesi. Katika uchaguzi huo, wa kwanza kwangu, baba alinionyesha alama kama alivyomwonyesha mama, na nikaweka tiki mahali aliponielekeza. Nilitoka na wino kidoleni nikijiona msafi.

Kilichonibadilisha kilikuwa Bisil. Chuo kilipofunguliwa ndugu yangu alirudi akamaliza, lakini nyumbani hakuja. Alikuwa ameipenda biashara ya mifugo, akarudi sokoni kwa hiari yake. Nilianza kumtembelea siku za mnada. Nilimkuta katikati ya vumbi na fimbo, akisalimiana na wafugaji kwa Kimaasai kana kwamba alizaliwa hapo. "Sopa," wanamwambia. "Epa," anajibu, na mara wanaanza kubishana bei ya fahali kwa saa nzima bila mtu kumwamuru mwenzake. Wazee wale walibishana hata na watoto wao. Nilikaa juu ya jiwe nikitazama. Nilikuwa nimekua nikidhani kwamba watu wakianza kujibizana, kinachofuata ni nyumba kuanguka. Pale walijibizana, wakacheka, wakanunua.

Siku moja aliniambia, bila ubaya, "Ulifunga geti haraka sana. Sikuwa hata nimefika barabarani."

"Najua," nikasema. Hatukuongeza neno.

Basi nikawa mtu wa mabadiliko. Nilisoma magazeti ambayo baba hakuyaingiza nyumbani. Nilipanga chumba changu mwenyewe karibu na shule ya Kitengela niliyofundisha, na katika chumba changu sikubandika kanuni yoyote. Darasani niliamua kwamba kiranja hatachaguliwa na mwalimu tena. Watoto wa darasa la tano wapige kura, ya siri, katika kisanduku cha viatu.

Wagombea walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mvulana mpole aliyependwa na kila mtu. Mwingine aliahidi kwamba mpira utatolewa kila mapumziko. Wa tatu alikuwa msichana mwenye uso mgumu aliyekuwa akiandika orodha ya wapiga kelele tangu darasa la tatu, na ambaye orodha zake zilikuwa zimewapeleka wengi wao kwenye fimbo. Alishinda kwa mbali. Nilishangaa hata nikahesabu tena. Baadaye nilimwita msichana mwingine, mchekeshaji wa darasa, ambaye jina lake halikukosekana kamwe kwenye orodha zile.

"Wewe ulimpigia nani?"

"Yeye."

"Lakini anakuandika kila siku!"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Mwalimu, asipokuwa yeye, nitaongea tena."

Nilicheka siku hiyo katika chumba cha walimu. Niliwasimulia wenzangu kama kichekesho. Sikudhani kinanihusu.

Mwaka huo Kitengela ilikuwa ikijaa watu. Viwanda upande wa Athi River vilileta wapangaji kila wiki, nyumba za mawe ziliota mahali pa nyasi, na hakuna aliyemjua jirani yake. Wizi ukaanza. Mara ya kwanza walichukua kamba za nguo. Kisha wakaanza kuvunja milango mchana, watu wakiwa kazini. Waliingia dukani kwa mzee mara mbili kupitia paa. Halafu Jumapili moja, baba na mama wakiwa kanisani, waliingia kwetu wakabeba cherehani ya mama.

Nilipofika, mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kushonea, mbele ya nafasi tupu. Miguu yake ilikuwa juu ya mahali pa kukanyagia, ambapo hapakuwa na kitu. Alikuwa ameshona kwa cherehani ile tangu kabla sijazaliwa. Hakulia. Alisema tu, "Hata uzi walichukua."

Sikuwahi kujua kwamba naweza kuchukia namna ile. Nilipita barabarani nikitazama kila kijana aliyesimama bila kazi, na kila mmoja nikamwona ameibeba cherehani ya mama mgongoni.

Wiki iliyofuata wakazi waliitisha mkutano katika uwanja wa shule yetu. Walizungumza wengi. Mmoja alitaka taa za barabarani, mwingine akataka tuandike barua. Kisha akasimama mwanamume mmoja, mwuzaji wa mawe ya kujengea, mrefu, shati lake limepigwa pasi. Alingoja mpaka watu wakanyamaza. Alingoja hata kidogo zaidi.

"Mimi siongei sana," alisema. "Nauliza tu. Hii mtaa iko na mwenyewe ama haina?"

Watu wakaguna.

"Kila kijana aseme analala wapi na anafanya nini. Asiye na kazi, arudi kwao. Vibanda vyote vya barabarani, huko ndiko wanajificha, vitoke. Watu watalia wiki moja. Halafu mtalala na milango wazi. Nani hapa hataki kulala?"

Nilipiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikaniuma. Kando yangu mama alikuwa akipiga makofi pia, mama yangu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti, na macho yake yalikuwa yaking'aa. Nilimtazama mtu yule nikahisi kifuani kitu nilichokuwa nimekisahau. Ulikuwa ule utulivu wa getini.

Ilijulikana upesi kwamba anagombea udiwani.

Siku ya kura ilikuwa kama sikukuu. Tulijua kwamba rais aliyetawala kwa miaka ishirini na minne anaondoka, na watu walikuwa wakiimba kwenye foleni asubuhi na mapema, wageni wakishikana mikono. Baba alikuwapo na koti lake. Hakuwa ofisa wa chochote, lakini alianza kupita kando ya foleni akisema, "Nyoosheni. Wenye watoto mbele. Wewe, toa kofia." Cha ajabu ni kwamba watu walinyoosha. Waliokuwa wakiimba mabadiliko waliingia kwenye mstari, na yule kijana akatoa kofia.

Nilipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kwenye ya kwanza nilichagua mabadiliko, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Ya pili vilevile. Ya tatu niliishika kwa muda. Nilimkumbuka mzee wa duka na meza yake. Nilimkumbuka, naapa, yule mchekeshaji wa darasa la tano. Halafu nikaiona miguu ya mama juu ya hewa tupu, nikampa yule mtu kura yangu. Pazia lilikuwa limenificha. Lau ungekuwa mlolongo, ndugu yangu angeniona nimesimama wapi.

Alishinda. Na lazima niseme kwamba hakutudanganya. Alifanya yote aliyosema. Kabla mwaka haujafika nusu, vijana wa kamati ya usalama walikuwa wakisimamisha watu njiani kuulizia vitambulisho, na wizi ukapungua kweli. Kisha asubuhi moja tulisikia tingatinga.

Lilianza upande wa chini wa barabara, kwa wauza mboga na mafundi viatu. Hakuna aliyekuwa ameonyeshwa barua yoyote. Diwani alisimama juu ya kifusi akielekeza kwa kidole. Nilikuwa nimekimbia kutoka darasani, na baba alikuwa tayari amefika, mikono nyuma.

"Hii ndiyo kazi," alikuwa akisema. "Barabara inatakiwa kuwa barabara."

Kisha tukaona tingatinga halisimami penye vibanda. Lilikuwa likielekea kwenye duka la mzee, duka la mawe lenye paa la mabati ya kijani. Mzee alikuwa ametoka na karatasi za kiwanja ndani ya mfuko wa plastiki, ameziinua kwa mikono miwili. Diwani hakuzitazama. Alimtazama mzee. "Nyinyi ndio mnaficha hawa watu," alisema. "Na kwanza wewe ni wa wapi?"

Walimpa saa moja atoe vitu vyake.

Sijui nani alimpigia ndugu yangu simu tingatinga lilipoanza, lakini alifika na lori la mbuzi kutoka Bisil, likiwa bado na kinyesi. Hakutusalimia. Alianza kubeba. Binti za mzee walitoka bila ndugu wa kuwasindikiza, wakabeba nao. Niliingia nami, nikabeba unga na sabuni, na kila nilipopita mbele ya mzee sikuweza kumtazama.

Baba alisimama palepale. Nilimwona akivua koti lake. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe, akaingia dukani. "Sheria ni sheria," alisema akibeba gunia la mchele. "Ilikuwa lazima watoe ilani kwanza. Hata kwa ofisi yetu, ilani ilikuwa siku thelathini." Alirudia jambo hilo la ilani kila safari, kwa sauti iliyozidi kuvunjika, kama mtu anayesoma kanuni kwa mtu asiyejua kusoma.

Mwisho ilibaki friji ya soda. Ndugu yangu alikuwa ameishika peke yake na haikuinuka. Baba alikwenda upande wa pili. Walikuwa hawajazungumza kwa zaidi ya miaka mitano.

"Shika chini," baba alisema. "Si hapo. Chini."

Ndugu yangu alishika chini. Waliiinua, wakaitoa, hatua kwa hatua, baba akiamuru na ndugu yangu akifuata, mpaka ikafika kwenye lori. Pale wakabaki wakihema, wamesimama karibu. Mama alileta maji katika jagi, akampa mwanawe kwanza. Jioni hiyo ndugu yangu alikula kwetu. Hakuna aliyeomba msamaha, wala redio haikuwashwa.

Duka lilipovunjwa, mzee alihamia Kajiado, akafungua duka dogo kwenye chumba cha kukodi karibu na soko. Ilinichukua miezi kadhaa kwenda kumwona. Nilikuwa nimejiambia kwamba ni lazima aijue kura yangu, kwamba siwezi kuendelea kunywa chai na ndugu yangu huku nimeificha. Nilimkuta ndevu zimekosa hina, lakini rafu zimepangwa kwa mistari ileile. Aliniwekea kiti na kikombe cha chai ya maziwa.

"Mzee, nimekuja kukuambia kitu."

"Sema, mwalimu."

"Yule diwani. Mimi nilimpigia kura." Nilisema haraka, nikaendelea kabla hajajibu. "Na si kwamba sikujua. Uliniambia juu ya ile meza. Nilijua. Nilikuwa na hasira kwa sababu ya cherehani, nikataka mtu mkali. Nilikuwa nimesema sitakuwa kama baba."

Alichukua kitambaa akafuta kaunta, ingawa ilikuwa safi.

"Hata mimi nilimpa," alisema.

Sikumwelewa. Nilidhani ni Kiswahili chake.

"Mimi. Nilimpa kura. Waliingia kwa paa mara mbili, mwalimu. Mara ya pili binti yangu alikuwa ndani. Nilipomsikia huyo mtu, nikasema huyu ndiye." Alikunja kitambaa. "Nilifikiri atavunja za wengine."

"Lakini wewe ulisimama mbele ya..."

"Nilisimama. Ndiyo." Alitazama nje, ambapo upepo wa Kajiado ulikuwa ukisukuma vumbi katikati ya barabara. "Mtu akiogopa, anaona kama safari hii yeye ndiye atakaa kwa kiti."

Tulikunywa chai. Nilikuwa nimekuja nikiwa nimejiandaa kwa hasira yake, na labda nilikuwa nikiitaka. Ingekuwa rahisi kuketi mbele ya mtu anayenikaripia. Badala yake tulikuwa watu wawili wazima tuliofanya jambo moja nyuma ya mapazia mawili. Nilimwuliza, kama diwani yule angegombea tena, na kama wezi wangerudi, angempa?

Aliinua macho kwenye paa, akalitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha mteja akaingia akitaka mafuta ya kupikia, naye akasimama kumhudumia.